Mgodi wa Mfalme Sulemani na penseli ya Mjerumani

Majuma machache yaliyopita nilipokea barua kutoka kwa mwanafunzi wa shule moja ya upili. Alikuwa ameokota mahali nakala iliyochakaa ya Mashimo ya Mfalme Sulemani, ile tafsiri ya Frederick Johnson ambayo vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Afrika ya Mashariki viliisoma darasani, naye baada ya kuimaliza akaniandikia swali moja tu: je, mashimo hayo yako wapi hasa, na mbona hakuna serikali ya Afrika inayokwenda kuyachimba ilipe madeni yake?

Sikumcheka. Mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wake niliwahi kuchora ramani ya mashimo hayo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la hesabu, milima miwili na njia ikipita katikati, nikapata viboko vyangu kwa kuliharibu daftari. Isitoshe, walionitangulia kulitafuta shimo hilo hawakuwa watoto. Walikuwemo wafalme, mapadri, majenerali na wanazuoni wenye shahada, na safari zao zimeacha makaburi mengi kusini mwa bara letu. Kwa hiyo nimeona heri nimjibu kijana huyu hadharani, nikiwapitisha walimu na wanafunzi wenzake katika dalili zile zile walizozifuata watafutaji hao, ili kila mmoja ajionee ni ipi iliyokuwa dalili kweli na ipi iliyokuwa tamaa iliyovaa kanzu ya elimu.

Kitabu chenyewe tukiweke kando mapema. Mwandishi wake, Mwingereza Rider Haggard, alikitoa mwaka 1885 baada ya kuwahi kufanya kazi ya serikali huko Natal na Transvaal. Ramani yake, iliyochorwa kwa damu na Mreno aliyekuwa akikata roho, ni ya kubuni tupu. Na msomaji makini atakumbuka kwamba hazina kubwa inayopatikana mle pangoni si dhahabu bali ni almasi, wala haishangazi, kwa maana siku zile dunia nzima ilikuwa ikizungumza habari za almasi ya Kimberley.

Dalili ya kwanza na ya kale kuliko zote imo katika Biblia. Kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 9, chasimulia kwamba Sulemani aliunda merikebu huko Ezion-geberi, pwani ya Bahari ya Shamu, na kwamba mabaharia wake pamoja na wale wa Hiramu mfalme wa Tiro walikwenda Ofiri wakarudi na talanta 420 za dhahabu. Kitabu cha pili cha Nyakati, sura ya 8, charudia habari hiyo hiyo, lakini humo hesabu imekuwa talanta 450. Mwalimu wa historia anayetaka kuwafundisha watoto kwamba andiko moja halitoshi hana haja ya kwenda mbali. Na azilinganishe aya hizo mbili.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ya tofauti ya talanta 30. Isome sura hiyo mara tatu, hutauona mgodi. Andiko lasema dhahabu ilitoka Ofiri, basi. Halisemi ilichimbwa na watumishi wa Sulemani, wala halisemi Sulemani alimiliki shimo lolote huko. Merikebu inayokwenda bandarini ikarudi na dhahabu yaweza kuwa imeinunua tu, kama vile jahazi lililorudi Mombasa na tende halina shamba la mitende Basra. Mgodi uliotafutwa kwa karne nne haumo katika andiko ambalo watafutaji wote walilishika mkononi.

Ofiri ilikuwako, hilo sina shaka nalo. Mwaka 1946 huko Tell Qasile, katika mji wa leo wa Tel Aviv, kilipatikana kigae cha mtungi cha karne ya nane kabla ya Kristo chenye maandishi yanayotaja dhahabu ya Ofiri. Ilikuwa wapi? Kitabu cha Mwanzo, sura ya 10, chaitaja Ofiri katika orodha ya wana wa Yoktani, kati ya Sheba na Havila, majina ambayo wanazuoni wengi huyahusisha na Bara Arabu. Saudi Arabia nayo ina mgodi wa kale sana uitwao Mahd adh-Dhahab, yaani susu ya dhahabu, nao umewahi kupendekezwa. Wengine wameelekea Uhindi. Wahispania mwaka 1568 walifika kwenye visiwa vya Pasifiki wakiiwinda Ofiri hiyo hiyo, na ndiyo sababu hadi leo ramani zetu zina Visiwa vya Solomon, visiwa ambavyo Sulemani hakuvijua hata kwa ndoto.

Ilikuwaje basi jina hilo likaja kutia nanga kwetu? Tafsiri ya kale ya Kiyunani ya Agano la Kale huiandika Ofiri kwa kuitanguliza na herufi S, ikawa kama Sofir. Na kusini mwa Kilwa, katika pwani ya Msumbiji ya leo, palikuwa na bandari ya Sofala ambayo dhahabu ilikuwa ikitoka kweli. Sofir, Sofala: masikio yenye njaa hayahitaji zaidi ya hapo. Kwamba Sofala ni neno litokanalo na Kiarabu, lenye maana ya nchi ya chini, halikuwazuia watu. Mreno Tomé Lopes, aliyesafiri na Vasco da Gama mwaka 1502, aliandika kwamba Waislamu wa pwani walikuwa wakiyanasibisha machimbo ya Sofala na Sulemani. Mshairi Mwingereza Milton naye, katika utenzi wake mkuu wa mwaka 1667, aliitaja Mombasa, Kilwa, Malindi na Sofala, akaongeza kwamba hiyo ya mwisho yadhaniwa kuwa ndiyo Ofiri. Walimu wa fasihi watapakumbuka mahali hapo.

Ajabu ni kwamba dalili za kweli kuhusu dhahabu ya Sofala zilikuwako tele, tena katika lugha na kumbukumbu za watu wa pwani wenyewe. Al-Masudi, aliyesafiri bahari hii mwanzoni mwa karne ya kumi, aliitaja Sofala na dhahabu yake. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliambiwa na mfanyabiashara mmoja kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi kutoka hapo, na kwamba vumbi la dhahabu huletwa Sofala kutoka nchi iitwayo Yufi, mwendo wa mwezi mzima barani. Ni kweli kwamba msafiri huyu alikuja kuichanganya Yufi hiyo na nchi ya Afrika ya Magharibi, lakini ule mwezi mmoja ni kipimo cha mtu aliyeuliza wenye kujua.

Halafu kuna ile hadithi iliyonakiliwa na Mreno João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552, ambayo naipenda kuliko ramani yoyote ya damu. Yasemekana kwamba wa kwanza kufanya biashara ya Sofala walikuwa watu wa Mogadishu, nao waliificha siri yao. Siku moja mvuvi wa Kilwa alinasa samaki mkubwa mno, akavutwa mpaka kina kirefu, kisha mkondo ukamchukua hadi Sofala. Huko akaikuta merikebu ya Mogadishu ikibadilisha bidhaa kwa dhahabu. Aliporudi nyumbani alimsimulia mfalme wake, na tangu hapo Kilwa ikashika biashara hiyo. Huenda samaki huyo ametiwa chumvi. Lakini angalieni hadithi yenyewe inavyosema: siri ilikuwa njia ya baharini na mapatano na wenyeji. Hakuna mgodi uliopotea humo. Dhahabu ilikuwa ya watu, nao walikuwa wakiiuza.

Wareno hawakutaka kununua. Mwaka 1505 waliivamia Kilwa, wakaiteketeza Mombasa, na mwaka huo huo wakaanza kujenga ngome Sofala wakidhani kwamba aliyeshika mlango ameshika nyumba. Dhahabu ikapungua, kwa kuwa wafanyabiashara Waswahili waliihepa ngome wakapitia Angoche na mto Zambezi. Ndipo Mfalme wa Ureno alipomtuma Francisco Barreto mwaka 1569 pamoja na askari takriban 1,000, wakayatwae machimbo yenyewe.

Hapa nawaomba wasomaji wasipite haraka. Jeshi la Barreto lilipofika Sena, katika mto Zambezi, farasi walianza kufa, kisha watu. Leo kila mwanafunzi wa kidato cha pili angeweza kumwambia kwamba palikuwa na mbung'o na malaria. Barreto na padri aliyefuatana naye waliona maelezo mengine: Waislamu wa Sena wametia sumu. Mji huo ulikuwa na jamii ya wafanyabiashara wa Kiislamu walioishi humo kwa amani na majirani zao na hata na Wareno wachache waliowatangulia. Walikamatwa na kuuawa kwa mateso ambayo sitayaeleza katika gazeti linalosomwa mezani. Watu hao ndio waliokuwa wakijua njia za kwenda machimboni, bei za vitambaa na ushanga, na majina ya machifu wa kila kivuko. Waliotafuta mgodi waliwaua waliojua ulipo. Barreto mwenyewe alikufa kwa maradhi mwaka 1573.

Aliyeshika nafasi yake, Vasco Fernandes Homem, alifanikiwa kufika Manica na kuyaona machimbo. Padri João dos Santos, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1609, aeleza jinsi askari walivyofadhaika. Walitarajia kuokota dhahabu kwa magunia; wakakuta watu wanaochimba na kuosha mchanga kutwa nzima ili kupata chembe chache. Wakarudi. Lakini ngano haikurudi nao, kwa sababu dos Santos huyo huyo aliandika pia habari za mlima Fura na magofu yake, akaona jina hilo linafanana na Ofiri.

Tuziruke karne tatu hivi, tumfikie Karl Mauch, Mjerumani mwenye bidii na elimu ya mawe. Huyu alikuwa amesikia kwamba kusini mwa Zambezi kuna magofu makubwa. Tarehe 5 Septemba 1871 aliyafikia, akiongozwa na habari za mwindaji Adam Render aliyekuwa ameyaona kabla yake. Hapo palikuwa Zimbabwe Kuu: kuta zilizojengwa bila chokaa wala udongo wa kugandishia, mahali pengine zikipanda mita 11, ukuta wa duara wenye mzingo wa mita 250 hivi. Mauch alipima, akachora, kisha akakata kijiti cha mbao kutoka kizingiti kimoja. Akakinusa. Kilikuwa chekundu na chenye harufu nzuri, akakilinganisha na penseli yake mwenyewe, akaona vinafanana. Penseli za wakati ule zilitengenezwa kwa mti wa jamii ya mwerezi. Basi mbao hii ni mwerezi. Mwerezi hutoka Lebanoni. Aliyeileta Lebanoni hawezi kuwa ila Mfinisia. Kwa hiyo mwanamke mkuu aliyejenga hapa ni Malkia wa Sheba, na jengo la mlimani ni mfano wa hekalu la Sulemani.

Nimewahi kuwasomea wanafunzi mlolongo huu wa hoja nikawauliza kosa liko wapi, na kila mara wanataja kiungo tofauti, nao wote huwa na haki. Mbao ile ilikuwa ya mti unaoota papo hapo kusini mwa Afrika. Mauch alikuwa amezungukwa na wenyeji Wakaranga ambao wangemwambia jina la mti huo, na penseli ndiyo aliyoiuliza. Namhurumia kidogo, maana alikuwa mgonjwa, maskini na mpweke, naye alifariki mwaka 1875 baada ya kuanguka kutoka dirishani huko kwao. Lakini maneno yake yalikwisha kuchapishwa.

Maneno hayo yalifika kwa watu wasiokuwa wapweke wala maskini. Mwaka 1886 dhahabu ya Witwatersrand ilivumbuliwa, na Cecil Rhodes na kampuni yake wakaamini kwamba Ofiri, kaskazini zaidi, ingekuwa Witwatersrand ya pili. Mwaka 1890 kikosi cha walowezi kiliingia nchi ya Washona, kila mmoja akiwa ameahidiwa viwanja 15 vya kuchimba dhahabu na shamba la ekari 3,000. Dhahabu ilipokuwa chini ya matumaini, ekari hazikurudishwa. Watu walipigania nchi yao mwaka 1893 na tena 1896 na 1897. Mwaka 1895 iliundwa kampuni maalumu ya kufukua magofu ya kale ili kutafuta dhahabu, na vito na mapambo yaliyopatikana makaburini mengi yaliyeyushwa. Zimbabwe Kuu iliepushwa na kampuni hiyo, lakini haikumwepuka Richard Hall, aliyewekwa kuwa mtunzaji wake mwaka 1902. Yeye alifagia udongo wa juu, futi 3 hadi 5, penye mahali zaidi, akidai kwamba anaondoa uchafu wa Waafrika ili ajenzi la wageni wa kale lionekane. Uchafu huo ndio uliokuwa ushahidi. Vigae, majivu, mifupa ya ng'ombe, sakafu za nyumba, vyote vilitupwa.

Waliofuata waliokoa kilichosalia. David Randall-MacIver alichimba mwaka 1905 akakuta vyombo vya wenyeji vikiwa tabaka moja na bidhaa za ng'ambo za zama za kati. Akatangaza kwamba wajenzi ni Waafrika. Walowezi walikasirika. Mwaka 1929 akaletwa Gertrude Caton-Thompson, mwanamke mwenye subira, ambaye alichagua magofu yasiyoguswa na wafukuzi, akayachimba tabaka kwa tabaka, na akafikia uamuzi ule ule. Leo yajulikana kwamba Zimbabwe Kuu ilijengwa na wahenga wa Washona, kuanzia karne ya kumi na moja au kumi na mbili hadi ya kumi na tano baada ya Kristo. Sulemani alitawala karne ya kumi kabla ya Kristo. Kati ya merikebu zake na ukuta ule pana miaka 2,000. Hata hivyo serikali ya walowezi haikupenda hesabu hiyo, na mnamo 1970 mwanaakiolojia Peter Garlake alilazimika kuondoka nchini kwa kukataa kuupinda ukweli. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1980 ikajiita kwa jina la magofu hayo.

Ama kuhusu mgodi, naweza sasa kumjibu yule kijana. Hauko mmoja. Yako maelfu ya mashimo ya kale kati ya Zambezi na Limpopo, mengine membamba kiasi kwamba mtu mzima mwenye kitambi hawezi kupita. Wakulima waliyachimba wakati wa kiangazi, kazi za shamba zikiwa zimepungua. Mwamba uliwashwa moto, ukamwagiwa maji upasuke, kisha ukapondwa na kuoshwa. Vumbi la dhahabu lilitiwa ndani ya manyoya ya ndege yaliyo wazi katikati. Wanawake walifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na mifupa ya baadhi yao imekutwa chini ya vifusi. Mashimo hayo hayakupotea. Wachimbaji wa kizungu walipoingia, migodi yao mingi waliifungua juu ya mashimo yale yale, wakionyeshwa na wenyeji.

Sisi wa Kenya tusidhani haya ni ya wengine. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, ilikuwa imepita mwaka mmoja tu tangu serikali ya kikoloni itunge sheria iliyoahidi kwamba ardhi ya wenyeji itakuwa yao milele, na kwamba sehemu ikitwaliwa watapewa nyingine ya kiasi hicho baada ya kushauriwa. Desemba 1932 sheria hiyo ilirekebishwa, na ahadi hizo mbili zikaondolewa ili wachimbaji wasisumbuliwe. Wazee wa Kakamega hawakuambiwa habari za Malkia wa Sheba, lakini shimo ni shimo.

Nimebakiza dalili moja. Katika Zimbabwe Kuu ilipatikana sarafu ndogo ya shaba kutoka Kilwa, ya Sultani al-Hasan, yule aliyempokea Ibn Battuta na ambaye jumba lake la Husuni Kubwa magofu yake yangali yakionekana. Sarafu hizo huandikwa jina la mfalme pamoja na la baba yake: al-Hasan bin Sulaiman. Kwa hiyo jina la Sulaiman lilifika kweli Zimbabwe, likiletwa mfukoni au kibindoni na mtu wa pwani yetu. Watafutaji walikuwa wamekosea Sulaiman.

Haya yote nilimwandikia yule mwanafunzi kwa muhtasari. Alinijibu upesi, bila hata kushukuru, akiwa na swali jingine: ikiwa dhahabu ya Sofala haikwenda kwa Sulemani, ilikwenda kwa nani, na waliochimba walilipwa nini? Ushanga wa Uhindi, vitambaa vya Gujarat na vyombo vya kauri vya Uchina vilivyopatikana huko Zimbabwe ni mwanzo wa jibu. Bei yake yataka juma zima, na inshallah tutaizungumzia juma lijalo.